Unafundisha tuisheni ya mtihani? Anzia kwenye makosa yake

Wengi wetu tukipata mwanafunzi mpya wa tuisheni tunafungua kitabu topiki ya kwanza na kuanza kufundisha, mi mwenyewe nilianza hivyo. Mwanafunzi anaitikia kwa kichwa, anasema nimeelewa ticha, saa linaisha mnaagana vizuri kabisa, afu majibu yakitoka maksi ni zilezile. Sio kwamba hujui kufundisha. Umemfundisha vitu ambavyo pengine alishavijua, na kile kinachomwangusha hujakigusa hata siku moja.

Kwa hiyo kipindi cha kwanza usifundishe kitu. Mpe pepa nzima ya mtihani uleule anaoenda kufanya, kwa muda uleule, simu akukabidhi, hamna kukuuliza na hamna mapumziko zaidi ya yale ya mtihani wenyewe. Kama ni SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, siku hizi inafanyika kwenye kompyuta, ni saa 2 na dakika 14 kwa maswali 98, na College Board, ndo wenye mtihani, wana programu yao inaitwa Bluebook yenye pepa kamili za mazoezi za bure, basi afanyie humohumo macho yazoee. Mwambie pia kila swali ambalo hana uhakika nalo aweke alama pembeni hata kama amejibu. Hiyo alama ni muhimu sana, maana jibu la kubahatisha likitokea kuwa sahihi linakuficha tatizo, we unaona vema unapita, kumbe hapo hamna kitu.

Akimaliza usimpe maksi tu ukaishia hapo. Kaa naye, pitieni kila alilokosa na kila lenye alama, na umwombe akueleze aliwaza nini mpaka akafika pale. Usimwambie jibu. Utaona makosa yanajigawa: kuna ambayo somo lenyewe halijui, kuna ambayo analijua ila swali hakulisoma mpaka mwisho, na kuna ambayo muda ulimbana akaanza kukimbia. Dawa zake ni tofauti kabisa, asiyejua afundishwe, asiyesoma swali umzoeshe kupigia mstari kile kinachoulizwa, wa muda ndo utamletea saa mezani. Ukimfundisha topiki nzima upya mtu ambaye shida yake ni kuruka neno "isipokuwa" kwenye swali, unamchosha bure.

Nikupe mfano wa dogo mmoja. Swali lilisema kitu kimepanda kwa asilimia 20 halafu kikashuka kwa asilimia 20, sasa kimebadilika kwa kiasi gani ukilinganisha na mwanzo. Akajibu hakijabadilika. Nikamwambia haya tuanze na 100, akaandika 120 haraka tu bila shida, nikamuuliza na sasa kinashuka asilimia 20 ya nini? Akanyamaza. Akanyamaza kweli, kalamu iko hewani, na mi mdomo unaniwasha kumwambia lakini nikauma meno nikasubiri. Baadaye akasema taratibu, "ya hii mia na ishirini…" akaandika 24, akatoa, akapata 96, akainua kichwa akacheka. Unaona sasa, kupiga hesabu za asilimia alikuwa anajua, kilichokosekana ni kujiuliza asilimia ya nini. Ningemweleza mimi kwa dakika mbili angeitikia na wiki inayofuata angekosa tena, ila kile kimya ndo kilimfundisha. Ukiuliza swali jizuie, hesabu moyoni hata mpaka ishirini kabla hujasema neno.

Hiyo "asilimia YA NINI?" akaiandika kwenye daftari lake la makosa kwa maneno yake mwenyewe, na hili daftari kwangu ndo roho ya tuisheni nzima. Kila kosa anaandika swali kwa kifupi, alichowaza, kwanini hakikuwa sawa, na kitu gani atajiuliza safari ijayo. Aandike yeye, sio wewe, hata kama mwandiko ni mbaya na anachelewa. Halafu swali lilelile alirudie kesho yake bila kuangalia, baada ya siku tatu tena, baada ya wiki tena, akilipata mara zote hizo ndo mnalivuka.

Siku za kurudia nazitaja makusudi, maana Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani, tangu 1885 alishaonyesha tunavyosahau haraka tulichojifunza kama haturudii. Na kurudia kwenyewe sio kusoma notsi tena na tena na kalamu ya rangi. Roediger na Karpicke, watafiti wa saikolojia wa Marekani, walipima hiki kitu 2006, wanafunzi waliosoma habari na kuirudia kusoma walikumbuka vizuri zaidi baada ya dakika tano, ila baada ya wiki wale waliofunga karatasi na kujaribu kuandika wanachokumbuka ndo waliwapita. Mwanafunzi wako atakubishia, kwasababu kusoma notsi kunampa raha ya kuona anajua, kujipima kunamuumiza kichwa. Mweleze mapema kwamba huko kuumia ndo kazi yenyewe, afu kila kipindi kianze kwa dakika tano za karatasi tupu, aandike anachokumbuka cha mara ya mwisho.

Muda usiuingize mapema. Kwanza ajue kujibu kwa usahihi bila haraka, ndo baadaye ulete saa, na ulete kwa vipande, sio pepa nzima kila siku. Kwenye hesabu za SAT kila sehemu ina maswali 22 kwa dakika 35, ukigawa ni kama sekunde 95 kwa swali, upande wa kusoma ni 27 kwa dakika 32, yaani sekunde 71 hivi. Basi mpe maswali matano tu na dakika zake, mwone. Mfundishe kuliacha swali linalomng'ang'ania na kulirudia baadaye, hili linawashinda hata wale wakali kabisa, wanakwama swali moja kwa kiburi cha kutaka kulimaliza na mepesi matatu ya mbele yanapotea. Na asiache swali tupu, tangu 2016 SAT haikati maksi kwa jibu lisilo sahihi.

Kila mtihani pia una masharti yake na ni kazi yako kuyajua kabla yake. Mfano IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, kwenye kusikiliza mtu anasikiliza vizuri, jibu analijua, lakini maelekezo yanasema asizidishe maneno mawili yeye kaandika matatu, hapati kitu. Sehemu ya kusoma ni maswali 40 kwa saa 1 na humo hamna muda wa ziada wa kuhamishia majibu. Kwenye kuandika insha ya pili ina uzito mara mbili ya ile ya kwanza, inataka maneno yasiyopungua 250, kwa hiyo anayetumia dakika 35 kupamba ya kwanza umrudishe kwenye 20, dakika 40 zinazobaki azitunzie ya pili.

Ukisahihisha insha tafadhali usiijaze wino mwekundu. Chagua vitu viwili, labda hoja haina mfano na sentensi hazina nukta, aandike upya aya hiyohiyo mbele yako, mengine yasubiri. Na usimwandikie, hata akikuomba, hata mzazi akikuomba. Mzazi akitaka umwahidi maksi fulani usimwahidi pia, mwonyeshe daftari la makosa, mwonyeshe yale ambayo mwezi uliopita yalikuwa yanamshinda mtoto na leo anayafanya.

Kipindi cha mwisho kabla ya mtihani usilete topiki mpya hata kama imebaki moja inakukera. Pitieni daftari tu, yeye anasoma kosa na kukueleza we umekaa kimya. Afu mambo ya kawaida, anajua anapoenda na saa ngapi anatoka, kama ni SAT kompyuta imechajiwa na Bluebook imeshaandaliwa, kama ni IELTS kitambulisho ni kilekile alichojisajilia. Usiku huo alale, daftari abaki nalo yeye.