Somo: Kufunga vilengeo kwenye mtutu wa gobore

Msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki ya gumegume hapa Pennsylvania, uliopo tangu 1974, hufunguliwa baada ya Krismasi. Darubini hairuhusiwi, kwa hiyo tunatumia vilengeo vya wazi, au saiti kama wengi tunavyoziita. Wenzetu kadhaa chamani wamenunua mitutu ya pembe nane ambayo haijachongwa mifereji, yaani mikato ya kukatisha juu ya mtutu ambamo kitako cha kilengeo huingia na kubanwa, ndiyo maana naandika.

Kwanza, hakikisha gobore ni tupu. Tumbukiza mdeki, ule ufito wa kushindilia risasi, mtutuni. Ukilia ting, chuma kwa chuma, ni dalili njema. Ukitoa mlio mzito uliozibwa, mna risasi. Usiridhike na mlio pekee. Bana mdeki kwa vidole pale kwenye mdomo wa mtutu, uutoe, uulaze kando ya mtutu: ncha yake ifike karibu na tundu la moto, kile kitundu cha ubavuni ambacho cheche hupitia kuwasha baruti.

Vifaa ni jiliwa la kubania mtutu, lenye vipande vya mbao ili lisiukwaruze, msumeno wa chuma, kalipa ya kupimia unene, nyundo, kipande cha shaba, tupa bapa na tupa ya pembe tatu. Hiyo ya pembe tatu isage upande mmoja mpaka uwe laini kabisa. Upande huo ndio utakaolala kwenye sakafu ya mfereji, usiile, huku upande wa pili ukichimba ukuta kwa nyuzi 60.

Pima unene wa chuma mahali penyewe utakapochonga. Mtutu wa inchi 15/16 wenye tundu la inchi 0.50 una ukuta wa takriban milimita 5.5. Mfereji wenye kina cha milimita 2 unatosha. Mitutu mingine hupungua unene katikati, kwa hiyo usikisie.

Chora mistari, kisha kata kwa msumeno mara nne au tano ndani ya mistari hiyo. Sawazisha sakafu kwa tupa bapa. Sasa ingia na tupa ya pembe tatu, taratibu, ukijaribisha kilengeo kila baada ya mapigo machache. Kikiingia theluthi moja kwa kusukuma na kidole gumba, acha. Hapo hapo. Kilichobaki kipigwe kwa nyundo juu ya shaba, kutoka kulia kwenda kushoto. Kikigoma, punguza kitako cha kilengeo, mfereji usiuguse tena, maana kilengeo kipya utanunua lakini mtutu uliochongwa haurudi.

Kilengeo cha mbele kiache kirefu kwa makusudi. Utakipunguza ukiwa uwanja wa shabaha.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi, langu linapiga chini sentimita 10 kwa mita 50. Nipunguze kiasi gani?

Zidisha kosa kwa umbali kati ya vilengeo viwili, gawanya kwa umbali wa shabaha. Kama vilengeo vimeachana sentimita 75, jibu ni milimita 1.5. Punguza 1 kwanza, piga tena risasi tatu, ndipo uendelee.

Risasi zinakwenda kulia.

Sogeza cha nyuma kushoto, kule unakotaka risasi iende. Cha mbele ni kinyume chake.

Kaka, mfereji wangu umelegea, nimeharibu?

Hapana, ndugu yangu. Mimi langu la kwanza lililegea hivyo hivyo, kilengeo kikadondoka kwenye majani baada ya risasi ya pili. Nilikata kipande chembamba cha bati la shaba, nikakilaza chini ya kitako, nikapiga upya. Bado kimeshika.

Shikamoo mzee. Niko Tabora, naweza kufanya hivi kwa gobore la babu?

Marahaba mwanangu. Kama halina kibali, usiliguse wala usilibebe kwenda nalo popote. Anzia polisi, uwaulize utaratibu. Kama linacho, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka kazi ya silaha ifanywe na fundi mwenye leseni. Mpelekee yeye, na vipimo hivi umwonyeshe.