Kuifikisha T-Mobile G1 kwenye Android 1.6 bila kuisubiri kampuni ya simu

T-Mobile G1, ambayo mtengenezaji wake, HTC, aliiita Dream, ndiyo simu ya kwanza ya Android kuuzwa madukani: Marekani tarehe 22 Oktoba 2008, Uingereza tarehe 30 mwezi huohuo. Ilitoka na Android 1.0, ikapata 1.1 Februari 2009, 1.5 kuanzia Mei 2009 na 1.6 Oktoba 2009. Hapo ndipo matoleo rasmi yalipoishia. G1 nyingi zilizobaki kwa wakusanyaji na kwenye makabati ya mafundi zimekwama katikati ya safari hiyo, kwa sababu mwenye simu alisubiri toleo likachelewa, akanunua simu nyingine. Unaweza kuimalizia safari hiyo kwa mkono wako, kwa njia ileile iliyotumiwa enzi hizo na watu waliochoka kusubiri.

Kwanza elewa kwa nini toleo lilichelewa, maana hilo ndilo linaloamua faili gani utafute. Google ikishatoa toleo jipya, mtengenezaji wa simu hulioanisha na chipu zake. Kisha kampuni ya simu hulijaribu kwenye minara yake, huongeza programu zake, na yenyewe ndiyo hutoa ruhusa. Kwa hiyo simu moja huwa na matoleo tofauti kwa kila kampuni. Samsung Galaxy S ndiyo mfano mchungu kuliko yote: simu za Ulaya zilipata Android 2.2 mwishoni mwa 2010, ilhali Fascinate, yaani Galaxy S ya kampuni ya simu ya Verizon ya Marekani, ilisubiri hadi Aprili 2011, wakati Android 2.3 ilikuwa imeshatangazwa tangu Desemba 2010. Nchini Kanada, kampuni ya simu ya Rogers iligoma kuipandisha Dream zaidi ya 1.5. Vifaa vilikuwa karibu vilevile, lakini mwenye kauli hakuwa yule aliyetengeneza simu.

Hata baada ya ruhusa, toleo hutumwa kwa mafungu. Dan Morrill wa Google alieleza mwaka 2013 kwamba huanza na asilimia 1 ya simu kwa saa 24 hadi 48, wahandisi wakitazama kama kuna hitilafu, kisha asilimia 25, 50, na mwisho zote. Kubonyeza kitufe cha kutafuta toleo mara mia hakukusogezi mbele kwenye foleni. Wala usifute data ya programu ya Google Services Framework ili kuliharakisha toleo, kama wengi walivyoshauriana: simu hupewa utambulisho mpya, na arifa za programu nyingine huanza kupotea. Enzi hizo kulikuwa na namba ya kupiga, *#*#2432546#*#*, inayoilazimisha simu kujiripoti kwa Google. Ilisaidia pale tu ambapo zamu yako ilikuwa imeshafika. Kwa G1 ya leo njia hiyo imekufa. Kilichobaki ni kuweka faili mwenyewe.

Andaa vitu hivi kabla ya kuigusa simu. Betri iliyochajiwa nusu au zaidi; betri ya asili ni ya mAh 1150, na ikiwa imevimba usiitumie hata kidogo. Memori kadi ya microSD iliyofomatiwa kwa FAT32. Ya GB 1 au 2 inatosha, na kadi ndogo husumbua kidogo kuliko kubwa. Waya wa mini-USB wa kawaida. Tundu la G1 lina umbo lake la pekee, lakini waya huo unaingia na kuchaji. Kompyuta yoyote yenye kisoma kadi.

Sasa itambue simu yako. Ikiwa inawaka vizuri, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya taarifa za simu, uandike pembeni namba ya toleo na namba ya bildi, yaani nakala mahususi ya mfumo uliomo. Bildi za Marekani za 1.0 ni kama RC29 na RC30, ya 1.1 ni RC33, za 1.5 ni kama CRB43, na za 1.6 ni kama DRC83. Za Uingereza za mwanzo ni RC7 na RC8. Kisha zima simu, shikilia kitufe cha kamera pamoja na kile chekundu cha kukata simu. Skrini ya butiloda, yaani programu inayoiwasha simu kabla ya Android, itatokea na mistari michache ya maandishi. Isome yote, uipige picha: PVT au DVT ni aina ya bodi, 32B ni aina ya kumbukumbu, S-ON maana yake ulinzi wa kiwandani bado upo, HBOOT ni toleo la butiloda, na RADIO ni toleo la programu inayoongea na mnara. Mstari wa RADIO utauhitaji baadaye.

Kuna jambo moja ambalo wateja wengi huwachanganya nalo mafundi. Kupandisha toleo hakufungui mtandao. G1 ikikuomba namba ya kufungulia mtandao unapoweka laini ya hapa, itaendelea kuiomba hata ikiwa kwenye 1.6, kwa sababu kufuli hilo limeandikwa kwingine na ufunguo wake unaendana na IMEI. Ikishafunguliwa, inafanya kazi Kenya na Tanzania bila shida: ina GSM za 850, 900, 1800 na 1900, na 3G yake inashika 2100, masafa ambayo mitandao yetu inayatumia.

Kuhusu faili, kuna aina mbili. Moja ni kamili, hubeba mfumo mzima. Nyingine hubeba tofauti tu kati ya bildi mbili, na kabla ya kuandika chochote hukagua kama simu ipo kwenye bildi inayotakiwa. Ikikuta nyingine, inasimama. Ukiwa na faili za aina hii ya pili, pitia hatua zote kwa mpangilio: 1.1, kisha 1.5, kisha 1.6. Usirukie. Hakikisha pia faili ni la simu iliyouzwa na kampuni na si la ADP1, ile Dream ya waandaaji programu ambayo Google iliiuza dola 399 kuanzia Desemba 2008. Sahihi zake za kidijitali ni tofauti, na simu ya kawaida huzikataa. Linganisha MD5 ya faili, yaani alama yake ya uhakiki, na ile iliyotajwa ulikolipata; tarakimu moja ikitofautiana, lipakue upya.

Nakili faili kwenye kadi, nje ya folda zote, na ulipe jina update.zip. Hapa ndipo wengi hukwama. Windows huficha sehemu ya mwisho ya jina, kwa hiyo ukiandika update.zip yenyewe huandika update.zip.zip, na simu hudai haioni kitu. Washa kwanza mpangilio wa kuonyesha viambishi vya majina ya faili, ndipo ubadilishe jina, kisha itoe kadi kwa utaratibu.

Zima simu. Shikilia Home pamoja na kitufe chekundu hadi itokee picha ya simu yenye pembetatu na alama ya mshangao; hiyo ndiyo rikavari ya kiwandani, sehemu ya kusakinishia mfumo, si hitilafu. Fungua kibodi, bonyeza Alt na L ili maandishi yaonekane, kisha Alt na S ili ianze kusoma update.zip. Itakagua sahihi, itafuta, itaandika. Ikimaliza, bonyeza Home na Back kwa pamoja. Ikiwa faili lina programu mpya ya redio, simu itajiwasha, itaonyesha picha ya kisanduku na mshale, na kujiwasha tena. Katika hatua hiyo usiguse betri wala kitufe chochote, hata dakika zikiyoyoma. Umeme ukikatika wakati redio inaandikwa, simu imekufa, na waya wa USB hauifufui. Kuwaka kwa mara ya kwanza baada ya hapo huchukua dakika kadhaa.

Ikiandika kwamba usakinishaji umesitishwa, soma mstari wa juu yake. Kutofunguka kwa faili ni jina baya au kadi mbovu. Kushindwa kuhakiki ni faili lililoharibika au lenye sahihi ya simu nyingine. Mstari unaotaja kushindwa kwa sharti fulani ni bildi isiyolingana. Katika hali zote hizo kwa kawaida simu haijaguswa, kwa hiyo rudi ulikotoka, urekebishe.

Kwenye rikavari hiyohiyo kuna Alt na W, inayofuta kila kitu. Usiibonyeze. Enzi zile lilikuwa shauri zuri, sasa ni mtego: baada ya kufutwa, G1 hudai akaunti ya Google kabla ya kukuruhusu kuingia, na tangu tarehe 27 Septemba 2021 Google haipokei tena akaunti kwenye Android 2.3.7 na zilizo chini yake. Simu iliyokuwa inatumika inabaki kwenye ukurasa wa kukaribisha. Kama tayari ipo hapo, jaribu kubonyeza Menu, maana hufungua mipangilio ya APN, yaani ya kuunganisha intaneti, lakini hilo pekee halikufikishi mbali.

Njia inayofika mbali zaidi ni ya RC29. Bildi hiyo ilikuwa na kasoro ya ajabu: kila ulichoandika kwenye kibodi kilipelekwa pia kwenye mfumo kama amri yenye mamlaka kamili, kiasi kwamba kuandika neno reboot kwenye ujumbe kuliizima na kuiwasha simu. RC30 iliiziba Novemba 2008. Kuirudisha simu ya Marekani kwenye RC29 unahitaji faili liitwalo DREAIMG.NBH, kwa herufi kubwa, peke yake kwenye kadi ya FAT32; kwa ya Uingereza tafuta la RC7, kwa kuwa ukibadilisha nchi simu hukataa. Kumbuka kwamba kurudi huku kunafuta data yote. Ingia butiloda, subiri ilikague, thibitisha kwa kitufe chekundu, usubiri hadi kila mstari ukubali. Kwenye ukurasa wa kukaribisha, bonyeza Enter mara mbili, andika setprop persist.service.adb.enable 1, kisha Enter mara mbili tena. Sasa kompyuta yenye adb, zana ya kuiamuru simu kupitia waya wa USB, itaiona simu, na amri hii hufungua mipangilio:

adb shell am start -a android.intent.action.MAIN -n com.android.settings/.Settings

Kwenda juu ya 1.6 kunawezekana kwa CyanogenMod, mfumo wa Android usio rasmi; toleo lake la 6.1 la Dream ni Android 2.2.1. Kwa maoni yetu haifai kwa matumizi ya kila siku: RAM ni MB 192 tu, na programu zinajifunga hovyo. Ukiamua kuiweka hata hivyo, rudi kwenye ile picha ya butiloda. Kuna butiloda namba 1.33.2005, ambayo watumiaji wa G1 waliiita Danger SPL, inayopanua nafasi ya mfumo. Ukiiweka kwenye bodi isiyo PVT, au kabla RADIO haijafika 2.22.19.26I, simu haitawaka tena. Redio kwanza, iwashe, uthibitishe namba kwenye butiloda, ndipo ufuate SPL.