Paka Wako Anapokuuma: Jinsi ya Kujua Sababu na Kumwachisha

Paka wa nyumbani hamuumi anayemfuga bila sababu, na mara nyingi huonya kwanza. Shida ni kwamba onyo lake huchukua sekunde mbili tatu tu, tena halitoki mdomoni. Liko kwenye mkia, masikio na ngozi ya mgongo. Kwa hiyo anza na swali moja: muda mfupi kabla ya kuumwa, paka alikuwa akifanya nini, na wewe ulikuwa unamfanyia nini?

Kuuma kunakowachanganya wengi ni kule kwa wakati wa kupapaswa. Paka amekuja mwenyewe, amejilaza mapajani, anakoroma kwa raha, mara anaukumbatia mkono kwa kucha na kuuma. Hajageuka kuwa mkali. Kupapaswa mahali palepale tena na tena humkera, hata kama mwanzo alikufurahia. Tazama ncha ya mkia: ikianza kupigapiga, umeshaonywa. Ngozi ya mgongo hutetemeka, masikio hugeukia pembeni, kukoroma hukatika, kichwa huanza kuufuata mkono wako. Ukiona hata dalili moja, ondoa mkono taratibu.

Mpapase kwa sekunde 3, kisha acha. Akikusukuma kwa kichwa au kusugua shavu kwenye vidole vyako, endelea. Akitulia tu au kutazama kando, inatosha. Paka wengi hupenda kuguswa mashavuni, chini ya kidevu na kati ya jicho na sikio. Tumbo na shina la mkia viache. Akilala chali mbele yako anaonyesha kwamba anakuamini, lakini hajakuruhusu kuligusa hilo tumbo.

Kuna anayevizia nyuma ya kiti na kurukia vifundo vya miguu. Huyo anawinda, na windo lililopo nyumbani ni wewe. Utawaona hasa paka wadogo na wale wanaoshinda ndani peke yao. Watoto wa paka hufundishana nguvu ya meno wakicheza: anayeuma sana huachwa, na mchezo unaishia hapo. Aliyetengwa na mama na nduguze kabla ya wiki 8 hulikosa somo hilo. Tena, kati ya miezi 3 na 6 hivi, meno 26 ya utotoni hupisha 30 ya ukubwani, na kipindi hicho hutafuna chochote anachokipata.

Usimchezeshe kwa vidole wala miguu, hata akiwa mdogo na meno yake hayaumizi. Tumia kijiti chenye kamba ya kama mita moja na kipande cha kitambaa mwishoni. Kiburute kuelekea mbali naye, kijifiche nyuma ya mto, kisimame, kisha kikimbie tena. Ukikielekeza usoni mwake atarudi nyuma, kwa sababu windo halimkimbilii mwindaji. Dakika 10 kila mara, mara 2 au 3 kwa siku, zinatosha. Mwache akamate mara kadhaa na umalizie kwa kumpa chakula. Halafu ifungie kamba kabatini: paka akiimeza inaweza kumkata utumbo.

Meno yakishakushika, usivute mkono. Kuvuta humchochea kukaza, na ngozi yako ndiyo itakayochanika. Tuliza mkono, hata uusogeze kidogo kuelekea mdomoni mwake, ataachia. Inuka uondoke bila kelele. Kumpiga au kumrushia maji humfundisha kukuogopa tu, na paka mwenye hofu huuma haraka zaidi.

Wakati mwingine hasira ya paka haikulengi wewe. Amemwona paka mgeni dirishani, hawezi kumfikia, mkia umefura, na wewe unapita ukamgusa. Usijaribu kumbeba wala kumbembeleza. Mwache kwenye chumba tulivu chenye mwanga hafifu. Kutulia kunaweza kuchukua saa kadhaa. Kisha ziba sehemu ya chini ya kioo cha dirisha kwa karatasi.

Paka mpole aliyeanza kuuma ghafla, hasa mzee, apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla ya jambo lingine lolote. Huenda ana jino bovu, maumivu ya viungo, au jipu chini ya manyoya kutokana na ugomvi. Mara nyingi huuma ukimgusa mahali palepale, harukii tena juu ya kiti, au ameacha kujilamba sawasawa. Hapo mazoezi ya tabia hayatasaidia kitu.

Jeraha lenyewe usilidharau. Meno ya paka ni membamba na marefu: tundu hujifunga juu na kuacha bakteria ndani. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kama meno yameingia ndani, hasa mkononi au karibu na kiungo, nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje uvimbe. Ulizia pia sindano ya pepopunda. Na panapokuwa na ugonjwa wa kichaa cha mbwa, au paka hana chanjo yake, nenda hata kwa mchubuko mdogo. Paka asiuawe, afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10, lakini wewe usisubiri siku hizo ziishe ndipo uanze chanjo.