SOMO: Gari linatetemeka likifika kilomita 90 hadi 110 kwa saa. Tafuta chanzo kabla hujanunua kifaa

Wakuu, gari linalotulia mjini kisha likishika barabara kuu linaanza kutetemeka huwatia watu hasara isiyo ya lazima. Fundi anasema tairodi (fimbo inayogeuza gurudumu ukikata usukani), unanunua tairodi. Halijapona, anasema shokapu, unanunua shokapu. Tairodi na bolijointi (maungio ya mpira wa chuma yanayobeba gurudumu) zilizochakaa hukuza mtetemo, lakini ni mara chache zikawa ndizo zinazouanzisha. Kinachouanzisha ni kitu kinachozunguka: tairi, rimu, diski ya breki, sivijointi (maungio ya ekseli inayozungusha gurudumu) au propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma). Kwa hiyo tunaanza na vinavyozunguka, na uchunguzi unaanzia barabarani, si chini ya gari.

Kwa nini mwendo huo hasa? Tairi la 195/65 R15 lina mzingo wa karibu mita 2, hivyo kwa kilomita 100 kwa saa linazunguka kama mara 14 kwa sekunde. Upande mmoja wa rimu ukizidi gramu 30 tu, kwa mwendo huo gramu hizo zinavuta kwa nguvu ya kama kilo 4 na nusu, juu, mbele, chini, nyuma, mara 14 kila sekunde. Kwa mwendo wa 50 nguvu hiyo ni robo yake, ndiyo maana mjini husikii kitu. Mapigo hayo pia yanakaribia kasi ambayo gurudumu lenyewe hudunda juu ya springi zake, kwa hiyo hujibizana na kukua. Baadhi ya magari yakipita 115 yanatulia. Usidanganyike, kasoro bado iko palepale.

Hatua ya 1: Barabarani

Tafuta lami nzuri, iliyonyooka, isiyo na msongamano. Mtu wa pembeni aandike mwendo unaoanza mtetemo na unaokoma, wewe macho yabaki mbele. Sikiliza unapotokea. Usukani ukicheza mikononi, anza na magurudumu ya mbele. Usukani umetulia lakini kiti na sakafu vinatetemeka, shuku ya nyuma, au propela kama gari lina propela.

Kisha shika mwendo uleule na uachie mafuta. Mtetemo ukikata ulipoachia na kurudi ulipokanyaga, elekea kwenye sivijointi za ndani (za upande wa giaboksi) au maunti (raba zinazobeba injini). Usipobadilika, weka nyutro kwa sekunde chache (usizime injini wala kugusa ufunguo, usukani unaweza kujifunga). Ukiendelea hata kwenye nyutro, ni magurudumu au vinavyozunguka pamoja nayo. Ukipotea kwenye nyutro, simamisha gari na upandishe injini hadi mzunguko uleule uliokuwa unasomeka ukiwa kwenye 100. Ikitetemeka gari likiwa limesimama, achana na tairi kabisa.

Hatua ya 2: Vya bure kwanza

Chungulia upande wa ndani wa rimu. Baada ya masika, tope la barabara ya vumbi huganda humo na kukauka kama tofali, na bonge la ukubwa wa yai linatosha kuvuruga balansi (usawa wa uzito wa gurudumu) yote. Kwangua, osha, rudi barabarani ujaribu.

Pima upepo tairi zikiwa za baridi. Magari mengi kutoka Japani yana kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kinachosoma kPa: 220 ni karibu psi 32, na 240 ni karibu 35. Usikubali 40 ya "kwa sababu unasafiri".

Nati za magurudumu zikazwe kwa kuvuka, si kwa kufuatana. Toyota ndogo nyingi zinataka Nm 103 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Mashine ya upepo isiyopimwa hukaza moja kupita kiasi na kuiacha nyingine, rimu inakaa upande.

Hatua ya 3: Inua gurudumu moja moja

Jeki peke yake haitoshi, weka stendi. Weka penseli au waya mgumu juu ya kitu imara, ncha ikaribie ukingo wa rimu bila kugusa, kisha zungusha gurudumu taratibu. Nafasi hiyo ikibadilika kwa zaidi ya milimita 1, kwa pembeni au kwa juu, rimu imepinda. Mara nyingi mpindo uko ukingo wa ndani, hivyo ukiangalia kwa nje tu hutauona.

Rudia kwenye kashata, yaani sehemu ya tairi inayokanyaga lami. Tairi linalopanda na kushuka wakati rimu iko sawa limeharibika ndani, nyuzi zimeachana. Pitisha kiganja kwenye mashavu na kashata: ukisikia uvimbe, tairi hilo lisirudi barabarani hata kwa safari ya mwisho, kwa sababu linaweza kupasuka ukiwa kwenye mwendo. Soma pia umri wa tairi kwenye tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyochapwa kwenye shavu la tairi. 2317 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2017.

Hatua ya 4: Balansi inayoeleweka

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa hiyo simama karibu na mashine. Vipande vya risasi vya kusawazishia vya zamani viondolewe vyote. Rimu iwe safi pale inapokaa kwenye mashine, na koni ilingane na tundu la kati. Fundi aingize kipenyo, upana na umbali wa rimu kwa kuvipima, sio kwa makisio.

Mashine ikionyesha sifuri pande zote mbili, mwombe afungue kishikizo, azungushe gurudumu nusu duara, akaze na kupima tena. Ikibaki chini ya gramu 10, kazi ni nzuri. Ikiruka hadi 25 au 30, gurudumu halikukaa katikati, na ile sifuri ya kwanza haikuwa na maana. Gurudumu la gari dogo likidai zaidi ya gramu 100, usikubali kujaziwa risasi. Tairi ligeuzwe nusu duara juu ya rimu na lipimwe upya.

Hatua ya 5: Hamisha

Peleka ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, upande uleule kama tairi zina mshale. Mtetemo ukihama kutoka usukani kwenda kwenye kiti, mwenye kosa ni gurudumu. Kama una spea ya ukubwa kamili, ifunge badala ya kila gurudumu kwa zamu, na utalijua lenye kosa kwa jina.

Baada ya hapo ndipo uangalie ulegevu. Shika gurudumu lililoinuliwa juu na chini ulitikise (beringi, bolijointi), kisha kushoto na kulia (tairodi, reki ya usukani).

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Asante kwa somo, mkuu. Nina Premio, nimefunga rimu za spoti. Nimefanya balansi sehemu tatu tofauti na alaiment (kunyoosha pembe za magurudumu) juu, bado usukani unacheza kwenye 95.

Jibu: Alaiment iache, ndugu. Alaiment mbovu huvuta gari upande na kula tairi, haitikisi usukani. Pima tundu la kati la hizo rimu. Habu (kitovu kinachoingia tundu la kati la rimu) ya Premio ni milimita 54.1, na rimu nyingi za spoti zina tundu la 73 au karibu na hapo ili ziingie magari mengi. Bila ringi ya kujaza hiyo nafasi, rimu inabebwa na nati peke yake na hukaa pembeni kidogo. Kwenye mashine inasoma sifuri kwa sababu koni inaiweka katikati. Nunua ringi nne za 73.1 kwa 54.1, ila pima zako kwanza. Angalia na nati: rimu za Toyota za aluminiamu mara nyingi hutumia nati yenye washa bapa, za spoti hutaka nati yenye koni. Zikichanganywa hazikai.

Swali: Yangu inatetemeka nikipanda mlima tu, mwili mzima unacheza kushoto kulia. Nikiachia mafuta kimya.

Jibu: Sivijointi ya ndani. Vile viringi vitatu vimechimba njia zao na vinakwama mzigo ukiwa mkubwa. Sivijointi ya nje hulia kata-kata ukikata kona ya mwisho, haifanyi hivyo ulivyoeleza. Angalia raba zake kama zimechanika na grisi imetoka. Grisi mpya kwenye jointi iliyokwisha kuchimbika haisaidii.

Swali: Na sisi wa Hiace? Mtetemo uko chini ya sakafu, na unaanza kwenye 70.

Jibu (mwanachama mwingine): Propela yako inazunguka kama mara nne kwa kila mzunguko wa gurudumu, kwa hiyo mtetemo wake ni wa haraka, kama mvumo, sio mdundo. Angalia senta beringi inayoshikilia propela katikati, raba yake hupasuka. Kisha krosi (maungio ya propela): shika propela uipindishe mbele nyuma, usikie mchezo. Na kama imewahi kufunguliwa, hakikisha uma za pande mbili za kipande kimoja ziko mstari mmoja. Ukifungua wewe, chora alama kwa rangi kabla.

Swali: Inatetemeka nikishika breki tu, hasa baada ya kushuka mlima Kitonga.

Jibu: Diski zimepoteza usawa wa unene. Kipimo cha chini kimechapwa kwenye diski yenyewe: kama zinaruhusu, zichongwe, la sivyo nunua pea. Shuka kwa gia ndogo, na ukisimama breki zikiwa za moto usikae umekanyaga pedeli. Wala usipeleke gari kuoshwa hapo hapo.

Swali: Dada yangu ana Vitz, kilomita 20 za kwanza iko sawa kabisa, ndipo inaanza na kuongezeka.

Jibu: Hiyo ni breki inayobaki imeshika bila kukanyagwa. Mwambie asimame baada ya kilomita hizo 20 bila kutumia breki sana, kisha asogeze kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Itakayokuwa ya moto kuliko mwenzake wa upande wa pili ndiyo yenye kosa. Kwa mbele, kalipa ifunguliwe, pini zake zisafishwe na kupakwa grisi ya breki, na pistoni ikiwa ina kutu, ibadilishwe pamoja na raba zake. Kama ni nyuma, aanze na kebo ya hendibreki.