Kuyazoea Meno ya Bandia: Hatua kwa Hatua, na Namna ya Kupata Mahali Panapouma

Shangazi yangu alikabidhiwa meno yake ya bandia, ya juu na ya chini, siku ya Jumatatu. Alhamisi nilipokwenda kumjulia hali nyumbani kwake Pangani, niliyakuta ndani ya kikombe juu ya kabati, yamekauka. Aliponiona nayaangalia alisema, "Mwanangu, meno haya hayatafuni chakula, yananitafuna mimi." Mimi ni tabibu wa meno, na nimeona meno mengi yaliyogharimu fedha nyingi yakiishia kwenye kikombe cha namna hiyo kwa sababu mwenyewe hakuelezwa kwamba maumivu ya siku za mwanzo yana chanzo kinachotafutika na kurekebishika. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu aliyepata meno ya bandia ya kinywa kizima, na kwa ajili ya ndugu anayemhudumia.

Hatua ya kwanza: siku za mwanzo

Kinywa huyapokea meno mapya kama tonge la chakula, kwa hiyo mate yatajaa na utahisi ulimi umekosa nafasi. Hali hiyo hupungua yenyewe. Yavae mchana kutwa, uyavue usiku ili ufizi upumzike, na uyalaze ndani ya maji. Ukihisi kichefuchefu, pumua polepole kwa pua na unyonye pipi ngumu isiyo na sukari. Kichefuchefu kisichopungua baada ya wiki moja au mbili kinaweza kuwa na maana kwamba ukingo wa nyuma wa bamba la juu (bamba ni kile kipande kigumu kinachoshika meno na kukaa juu ya ufizi) umekwenda mbali mno, au kwamba bamba lenyewe limelegea na linacheza.

Hatua ya pili: kula

Anza na vyakula laini kama ndizi za kupikwa, viazi, mayai na wali uliolainika, katika matonge madogo. Tafuna kwa pande zote mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu ukitafuna upande mmoja tu bamba huinuka upande wa pili. Usiume kwa meno ya mbele. Muwa, hindi la kuchoma na embe zima hulivuta bamba la juu liachane na kaakaa upande wa nyuma, hata likianguka.

Kwa sisi watu wa pwani kuna jambo la kuangaliwa zaidi. Bamba la juu hufunika kaakaa, na kaakaa ndilo lililokuwa likikujulisha kwamba uji ni wa moto au kwamba kuna mwiba kwenye samaki. Mchambue samaki kwa vidole hadi mwisho kabla ya kumtia mdomoni, na chai uionje kwa mdomo wa mbele kwanza.

Hatua ya tatu: kusema

Soma kwa sauti kila siku, robo saa inatosha. Rudia "sitini na sita" na "fedha za dhahabu" polepole, kwa kuwa sauti za s, f, th na dh ndizo zinazopotea kwanza. Mwalimu mmoja wa madrasa niliyemhudumia alihofia mno matamshi yake ya Kurani. Alirejea kwenye sura fupi kila alfajiri, na baada ya wiki chache alikuwa akisomesha kama kawaida.

Hatua ya nne: kupata mahali panapouma

Hapa nitakawia, kwa sababu hatua hii ilimtesa shangazi yangu kwa wiki mbili, na kosa lilikuwa langu. Alikuwa na kidonda kwenye ufizi wa chini, upande wa kushoto. Nililisaga bamba upande huo kidogo, akaondoka. Akarudi, nikasaga tena. Akarudi mara ya tatu, nikasaga tena, na sasa bamba likaanza kulegea kwa sababu nilikuwa nikiondoa sehemu ileile iliyolishika. Mara ya nne nilifanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Niliweka vidole viwili juu ya magego yake ya kushoto nikakandamiza. Hakusikia maumivu. Nikamwomba aume, akakunja uso papo hapo. Nilipoweka karatasi ya rangi kati ya meno ya juu na ya chini, alama nzito ilitokea kwenye gego moja la kulia, na upande wa kushoto haukuwa na alama yoyote. Gego lile lilikuwa likikutana na mwenzake kabla ya mengine, na kila alipouma lililisukuma bamba zima kuelekea kushoto, ukingo wake ukakwaruza ufizi. Nilisaga gego hilo kwa kiasi kisichofikia unene wa ukucha, na kidonda cha upande wa pili kikapona.

Kwa hiyo, kabla ya kurudi kwa tabibu wako, jiulize panauma wakati gani, kisha uandike majibu kwenye karatasi, maana ukifika kwenye kiti ni rahisi kusahau. Ikiwa panauma wakati wa kuvaa na kuvua tu, kuna sehemu ya bamba inayopita kwa shida juu ya nundu ya mfupa. Ikiwa panauma muda wote, na pakikandamizwa kwa vidole maumivu yanazidi, basi tatizo limo kwenye uso wa ndani wa bamba, mahali hapohapo panapouma. Ikiwa panauma wakati wa kutafuna tu na vidole haviamshi maumivu, shuku namna meno yanavyokutana, na usikubali bamba lisagwe chini ya kidonda kabla ya karatasi ya rangi kutumika. Ikiwa bamba linainuka unapopiga miayo au kusema, ukingo wake ni mrefu na midomo, mashavu au ulimi unaligonga. Koo likiuma wakati wa kumeza, mara nyingi ni ukingo wa nyuma. Jaribio la vidole unaweza kulifanya mwenyewe nyumbani: nawa mikono, keti wima, kandamiza taratibu magego ya kushoto, kisha ya kulia, na usikilize kama bamba linayumba.

Jambo la pili ambalo watu wengi hulikosa ni kwamba usiende kliniki ukiwa na meno mfukoni. Wekundu wa ufizi hufifia meno yakikaa nje kwa siku kadhaa, na tabibu hatakuwa na kitu cha kufuata. Kama maumivu ni makali, yavue, yaweke kwenye maji, upumzike. Lakini siku moja kabla ya miadi, au walau saa chache kabla, yavae tena na ule nayo kitu laini. Alama ikionekana vizuri, tabibu ataipaka kalamu ya rangi inayoyeyuka kwa mate, kisha akikuvisha bamba rangi itahamia mahali hasa pa kusagwa.

Usilisage bamba mwenyewe. Msasa, tupa, wembe na kisu visiguse meno haya hata kwa jambo dogo, kwa sababu akriliki, yaani plastiki ngumu ya bamba, iliyoondolewa haiwezi kurudishwa kwa namna yoyote ya nyumbani. Usiweke kidonge cha aspirini juu ya ufizi, kwani kinaunguza nyama na kuongeza kidonda juu ya kidonda. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Kidonda ambacho bado kipo wiki 2 baada ya bamba kurekebishwa hakipaswi kuendelea kuitwa kidonda cha meno ya bandia: dai kichunguzwe vizuri, kwa kuwa saratani ya kinywa nayo huanza hivyo.

Hatua ya tano: kusafisha

Tumia brashi laini na sabuni ya maji, juu ya beseni lenye maji ili yakiponyoka yasivunjike. Mimi siruhusu dawa ya meno, majivu wala mkaa, kwani vyote vinakwaruza akriliki na fangasi hujificha kwenye mikwaruzo. Maji ya moto yanalipinda bamba. Safisha pia ufizi, ulimi na kaakaa. Kaakaa likiwa jekundu chini ya bamba bila kuuma, au pembe za mdomo zikipasuka, huenda ni fangasi, na hiyo inatibiwa kwa dawa pamoja na kuyavua meno usiku.

Hatua ya sita: yanapolegea

Mfupa wa taya hupungua baada ya meno kung'olewa, kwa kasi zaidi mwaka wa kwanza, na wa chini hupungua kuliko wa juu kwa takribani mara nne. Ndiyo sababu bamba la chini, ambalo pia halina kaakaa la kulishika, husumbua zaidi. Gundi maalumu ya meno ya bandia inafaa kwa kiasi kidogo, matone matatu madogo kwenye bamba lililokauka. Chagua isiyo na zinki, kwani zinki ikitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu imewaharibu watu neva. Gundi ya kuunganishia vyombo isitumike kabisa. Ukiona unahitaji gundi zaidi kila wiki, bamba linatakiwa kuongezwa tabaka jipya ndani. Waliovishwa meno siku ileile ya kung'olewa huhitaji tabaka hilo mapema, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza. Siku ya kwenda kuliongeza, chukua mabamba yote mawili hata kama moja tu ndilo linalosumbua, na uchukue orodha ya dawa unazotumia, kwa maana baadhi ya dawa za presha hukausha mate, na bamba la juu hushikwa na utando mwembamba wa mate hayohayo.