Namna ya kumkalisha diwani na mfanyabiashara meza moja: tulivyofanya sisi wakamuaji wa mawese Kigoma

Mwezi Machi, masika yakiwa yamekolea, mnunuzi wetu mwenye stoo Soko la Mwanga alinipigia simu akiwa ng'ambo ya kijito: "Mama, gari haivuki. Nageuza." Nilikuwa nimesimama kwenye kambi ya kukamulia na madumu 46 ya wanawake kumi na mmoja, na pembeni mikungu ya chikichi iliyokatwa siku mbili nyuma ikisubiri kuchemshwa. Anayejua chikichi anaelewa hali hiyo. Tunda likishakatwa halisubiri, linaanza kuchachuka, na mafuta yake hushuka daraja na bei. Siku ile tulibeba madumu kichwani na kwa baiskeli hadi barabara kuu. Mawili yalimwagika kijitoni, nayo yalikuwa ya mjane mwenye watoto wanne.

Nimekamua mawese miaka 19, na sasa ni katibu wa kikundi chetu. Kivuko kile leo kina makalavati na Canter inapita. Kina mama wa kata nyingine wananiuliza tulipitia mlango gani, nami naona afadhali niliandike jambo hili lote mara moja.

Anza na daftari

Mwaka wa kwanza tulienda kwa diwani na vilio. Tulikuwa wengi, tuliongea kwa uchungu, akatusikiliza, akatuambia amelichukua. Sikumlaumu baadaye, kwa sababu hata mimi nikijiuliza amechukua nini, sioni. Hatukumpa kitu cha kusimama nacho mbele ya wenzake kwenye Baraza la Madiwani, ambako kila diwani ana barabara yake mbovu.

Mwaka wa pili nilinunua kaunta buku. Kila siku ya kukamua niliandika tarehe, madumu yaliyotoka, yalivyosafirishwa, nauli ya kila dumu, na kilichoharibika. Nauli ndiyo iliyowashtua watu. Kiangazi dumu la lita 20 lilitoka kwa Canter kwa shilingi 500. Masika bodaboda alichukua 2,000, na siku za matope mengi 2,500. Kwa miezi mitatu tuliandika madumu 612. Zidisha mwenyewe, uone fedha iliyobaki kwenye tope badala ya kwenda kwenye ada na chakula.

Kisha nikamwomba mnunuzi naye aandike upande wake: safari alizoghairi, mafuta ya gari, mzigo alioukosa. Alisita. Mfanyabiashara hapendi kuonyesha hesabu zake, hasa karatasi hiyo ikielekea halmashauri. Nilimwambia aandike safari na madumu tu, faida aache. Hapo akakubali. Ukilazimisha aanike kila kitu utampoteza, na bila yeye daftari lako ni la upande mmoja.

Halafu geuza hesabu yako iwe hesabu ya halmashauri. Usiruke hatua hii hata ukiwa na haraka. Mnunuzi wa mazao ya biashara huilipa halmashauri ushuru wa asilimia 3 ya bei ya shambani. Tangu 2017 serikali iliagiza mkulima anayesafirisha mzigo wa chini ya tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe. Ni agizo jema sana kwetu sisi wadogo, nalitetea. Lakini tazama kinachotokea kivuko kikikatika: mzigo ambao ungetoka na gari moja unatoka kwa baiskeli ishirini, kila moja ikiwa na mzigo wa chini ya tani. Mkulima anaumia kwa nauli, na halmashauri haipati hata senti. Tulipomwonyesha diwani ukurasa huo, alivua miwani, akaisafisha, akausoma tena. Ndipo alipoanza kuuliza maswali.

Jua nani ameshika ufunguo upi

Wengi wetu tunamwendea kiongozi tunayemfahamu, ilhali shida yetu iko mezani kwa mwingine. Barabara za vijijini na mijini ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara hizo, tangu 2017, kwa hiyo mhandisi wa TARURA wa wilaya ni mtu wako hata kama hujawahi kumwona. Diwani hana fedha mfukoni. Ana sauti kwenye kamati na kwenye Baraza, na ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mtendaji wa kata ndiye katibu wa kamati hiyo, na kalamu yake ina uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu jambo lisiloingia kwenye muhtasari halikusemwa.

Mkuu wa Wilaya ni mwenyekiti wa Baraza la Biashara la Wilaya, na Mkuu wa Mkoa anaongoza lile la mkoa. Mabaraza haya yamewekwa ili serikali na wafanyabiashara wakae pamoja, kila upande na watu wake. Mwombe mnunuzi wako apitishe hoja huko kupitia chemba ya wafanyabiashara, TCCIA. Kwa mashine na ufundi wa kukamua, nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo. Kwa miche ya mchikichi aina ya Tenera, ile yenye kokwa jembamba na nyama nyingi, ulizia TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo hapahapa mkoani. Dura yetu ya asili ina kokwa nene na mafuta machache.

Mwanzo wa yote ni mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ana haki ya kuhudhuria na kusema. Hoja yetu ilipita pale kwa mikono mingi, mtendaji wa kijiji akaandika muhtasari, akagonga muhuri. Chukua nakala yako. Nasisitiza kwa sababu muhtasari wetu wa mwaka wa kwanza ulipotea kwenye ofisi moja tulikopita, nasi hatukuwa na nakala. Mwaka mzima ulikwenda hivyohivyo.

Angalia kalenda

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai, na Bunge linaanza kujadili bajeti Aprili. Kabla ya hapo kijiji kimeshapanga, kata imeshapitisha, Baraza limeshapiga muhuri. Sisi mwaka wa kwanza tulikwenda Aprili, matope yakiwa bado miguuni, kwa kuwa ndipo tulipoumia. Tulikuwa tunaomba chakula vyombo vimeshaoshwa. Sasa tunaanza Septemba. Mvua haijaanza, watu wamesahau kivuko, na ndiyo maana daftari linahitajika: linakumbuka kwa niaba yao.

Mkutano wenyewe

Usiufanyie ofisini. Tuliuweka kambini, siku ya kukamua, asubuhi. Diwani alifika, tukaamkiana "mwakeye" kama kawaida yetu Waha, tukampa kigoda karibu na pipa linalochemka. Alimwona mama mdogo wangu, mwenye miaka 60 na zaidi, akizungusha mashine ya mkono. Aliona kuni zinavyokwisha. Mnunuzi alikuja na dereva wake, na yule dereva ndiye aliyeeleza vizuri kuliko sisi sote, kwa sababu ndiye aliyekesha na gari kwenye tope. Mwalike dereva. Mwalike pia mwenye duka la kijiji, na fundi wa baiskeli, na mwalimu mkuu ambaye wanafunzi wake huvuka maji hayohayo.

Kofia na skafu za vyama zibaki nyumbani, za chama chochote. Tuliwaambia wote mapema, wakaheshimu. Na bahasha isiwepo. Kuna mwanachama aliyetaka tumchangie diwani "mafuta ya pikipiki". Nilikataa mbele ya kikundi, tukabaki na uso wa kumdai.

Usianze kwa kuomba. Anza na mnachotoa ninyi. Tulisema: kijiji kitakusanya mawe na mchanga kwa nguvu za wananchi, kila kaya siku mbili. Mnunuzi akasema atatoa gari lake kusomba mawe siku nne. Ndipo tukasema kilichobaki: makalavati, saruji, na mhandisi. Diwani aliona kazi imeshaanza, na kwamba jina lake litahesabiwa kwenye jambo litakalokamilika. Kiongozi wa kuchaguliwa ana miaka mitano tu. Kumpa kazi anayoweza kuimaliza ndani ya muda huo ni kumtendea haki.

Sasa jambo gumu. Mfanyabiashara anayetoa gari na fedha anaweza kurudi kesho akasema njia ni yake, mawese yote auziwe yeye kwa bei yake. Wetu ni mtu mwema, na bado tuliandika. Kwenye muhtasari, mbele ya mtendaji, kuna sentensi isemayo mchango wake ni wa hiari, barabara ni ya umma, na kila mkamuaji yuko huru kumuuzia amtakaye. Alitia sahihi. Uso wake ulibadilika kidogo, sitaficha, lakini bado ananunua kwetu, na sasa wanakuja wanunuzi wengine wawili, mmoja wa upande wa Kasulu. Bei imetengemaa kwa sababu ya hao wawili. Wenzangu, msione aibu kwenye sentensi hii. Urafiki wa mtu mkubwa na mdogo unahitaji karatasi kuliko urafiki wa walio sawa.

Mkopo wa halmashauri

Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Sajilini kikundi, fungueni akaunti, mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ushauri wangu ni kutanguliza njia kabla ya mashine. Kikundi cha jirani kilitaka mashine kubwa kwanza, na ningekuwa mimi ningeogopa, maana marejesho hayajui masika.

Baada ya kupitishwa

Jambo likiingia kwenye mpango, usirudi kulala. Kila robo mwaka nilikwenda kusoma ubao wa matangazo, kisha nikamuuliza diwani na mhandisi swali lilelile kwa heshima ileile. Mhandisi alitufaa kwa neno moja: kazi ya kivuko ifanyike Juni hadi Septemba, maji yakiwa chini. Tulikuwa na mawe tayari Mei. Fedha ilipotoka, ilitukuta tunaisubiri, hakuna aliyesubiri mawe.

Wakubwa wamesema mengi mazuri juu ya mkoa wetu. Kassim Majaliwa, alipokuwa Waziri Mkuu, alilisimamia zao la mchikichi kuanzia 2018, kwa kuwa nchi bado inaagiza nje sehemu kubwa ya mafuta ya kula. Reli ilifika Kigoma 1914, bandari inatazama Bujumbura na Kalemie, na reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma ilisainiwa Desemba 2022. Nayafurahia yote kwa moyo. Lakini dumu langu halifiki stesheni lisipovuka kijito kwanza, na kijito hicho hakimo kwenye hotuba ya mtu yeyote isipokuwa diwani wetu.

Makalavati yaliwekwa Agosti. Novemba mvua ya kwanza ilinyesha usiku, na asubuhi Canter ikashuka hadi kambini, dereva akipiga honi kabla hata ya kuonekana. Yule mjane alipakia madumu sita. Kwenye kaunta buku mpya sasa nimeongeza safu ya kuni, kwa sababu tunataka umeme wa njia tatu wa kuendesha mashine, na Septemba haiko mbali.