Sigaa nzuri ya bei nafuu: kuichagua, kuitunza na kuivuta katika hewa ya Kampala

Sigaa ni ile sigara nene ya majani matupu, isiyo na karatasi wala kichujio. Iliyosokotwa vizuri kwa mkono si lazima iwe ghali, na nyingi zinazolaumiwa mjini hapa hazina kosa la kiwandani. Zimetoka Nicaragua au Honduras zikiwa nzima, zikalazwa kwenye droo ya kaunta msimu mzima wa mvua, zikanywa maji. Mteja anawasha, inazimika mara tano, inamkereketa ulimi, anaapa kwamba sigaa za bei nafuu hazifai. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni unyevu. Kukata na kuwasha utajifunza kwa siku moja.

Hatua ya 1: Soma kisanduku

Sigaa ina sehemu tatu. Katikati kuna moyo, yaani majani yaliyokunjwa pamoja. Moyo unabanwa na kifungio, jani gumu lisilohitaji sura nzuri. Juu kabisa kuna jani la nje, lile unaloliona na kulilipia zaidi.

Kinachotenganisha sigaa ya maana na takataka ni moyo. Tafuta maneno ya Kihispania *tripa larga*: maana yake majani ya moyo ni marefu, yanaanzia upande wa kuwashia hadi kichwani, upande wa mdomo. Moyo wa vipande vilivyokatwakatwa huungua haraka, huwa wa moto mdomoni, na hukuachia chembe za tumbaku kwenye meno. Ukiona *totalmente a mano*, kazi yote ni ya mkono. *Hecho a mano* peke yake ni ahadi nyepesi zaidi, kwa kuwa moyo unaweza kuwa umefungwa na mashine na mkono ukamalizia jani la nje tu.

Kwa mwenye bajeti ndogo, njia bora ni kununua bando: sigaa 20 au 25 zilizofungwa pamoja bila kisanduku cha mbao. Mara nyingi ni zile zilizokataliwa na wakaguzi wa kiwanda kwa sababu jani la nje lina doa au rangi yake haikulingana na wenzake. Doa halina ladha. Huko unalipia tumbaku badala ya seremala.

Za Cuba ziache kwanza. Bei zake zimepanda mno tangu 2022, na jina lake ndilo linaloghushiwa kuliko yote. Ukionyeshwa Cohiba, chapa maarufu ya Cuba, ndani ya kisanduku chenye kifuniko cha kioo, rudisha na uende zako. Visanduku vya namna hiyo ni alama inayojulikana ya feki.

Ukubwa: anza na robusto, yenye urefu wa milimita 127 hivi na unene namba 50. Namba ya unene huhesabiwa kwa sehemu za 64 za inchi, kwa hiyo 50 ni karibu milimita 20. Itakuchukua dakika 45 hadi saa moja. Nyembamba zaidi, kama corona ya namba 42, ni tamu lakini humwadhibu haraka mvutaji mwenye pupa.

Rangi isikudanganye. Jani jeusi la maduro limeiva kwa kuchachushwa muda mrefu, na mara nyingi lina utamu wa kakao. Ukali wa nikotini hutokana zaidi na *ligero*, majani ya juu ya mche yaliyopigwa na jua sana, nayo hukaa moyoni, hayaonekani. Sigaa ya rangi ya maziwa inaweza kukuangusha.

Swali linaloulizwa sana: kwa nini tusisokote ya Nile Magharibi au Bunyoro? Tumbaku ya huko hulimwa kwa ajili ya sigara za kawaida. Aina iitwayo Virginia hukaushwa haraka kwa joto la banda ili sukari ibaki. Jani la sigaa hukaushwa polepole kwa hewa, kisha hulundikwa lichachuke kwa miezi, amonia itoke. Ni mazao mawili yenye jina moja.

Hatua ya 2: Ikague kwa vidole

Ishike kwa kidole gumba na cha shahada, uibonyeze taratibu kuanzia kichwani kushuka. Inatakiwa ibonyee kidogo na kurudi. Ukikutana na fundo gumu, hapo hewa haitapita. Ukikutana na pengo laini, hapo itaungua kwa kasi na moto. Ikitoa mlio wa majani makavu imekauka. Ikiwa kama sponji imelowa.

Geuza utazame upande wa kuwashia. Majani yaonekane yamekunjwa kama mkeka uliofungwa kwa utulivu, bila shimo katikati na bila donge jeusi upande mmoja tu. Nusa. Harufu iwe ya ngozi, nyasi kavu, zizi safi. Ikiwa inachoma pua kama mkojo, amonia bado imo. Inunue tu kama uko tayari kuisubiri miezi.

Mwisho tafuta vitundu. Kitundu cha duara kama kilichotobolewa kwa sindano nene ni kazi ya mdudu wa tumbaku. Usichukue hiyo wala jirani zake.

Hatua ya 3: Ipe nyumba yenye unyevu unaofaa

Sigaa hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 21. Kampala mchana hufika 27 au zaidi, na wakati wa mvua za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba hewa hupita kiwango hicho kwa mbali. Vitabu vingi vya sigaa vimeandikiwa nchi za baridi ambako shida ni ukavu, kwa hiyo hushauri sponji iliyolowekwa maji. Hapa sponji ile ni adui: inaongeza maji na haijui kuyaondoa.

Unachohitaji ni hiki:

- Kopo la plastiki la chakula lenye mpira kwenye kifuniko na vibano pande nne. Lioshe kwa maji moto na magadi ya kuokea, liache wazi siku mbili hadi lisinuke chochote.
- Pakiti ya kudhibiti unyevu ya aina inayotoa na kunyonya, kama Boveda, ya asilimia 65. Moja ya gramu 60 hutosha sigaa 25.
- Kipimaunyevu kidogo cha dijitali.
- Vibao vyembamba vya mwerezi wa Kihispania vinavyokuja ndani ya visanduku vya sigaa. Usibadilishe kwa paini: utomvu wake utahamia kwenye jani.

Kipimaunyevu usikiamini kabla ya kukipima. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, ujaze chumvi ya mezani, dondoshea maji matone machache hadi iwe kama posho mbichi: imelowa lakini haielei. Weka kifuniko na kipimaunyevu pamoja ndani ya mfuko wa plastiki wa kufunga kwa kubana, uviache kwa muda wa saa 12 kivulini bila chumvi kugusa kipimo. Ndani ya mfuko huo hewa hutulia kwenye asilimia 75. Kikisoma 70, jua kinapunguza tano, na uongeze tano kila ukisoma. Vya bei rahisi hukosea hata kwa saba, na saba ni tofauti ya sigaa inayoungua na inayooza.

Kabla sigaa mpya haijaingia kopo, ipitishe kwenye friza. Mayai ya mdudu wa tumbaku hayaonekani, na joto likizidi nyuzi 24 hivi huanguliwa. Mabuu ndiyo yanayokula. Funga sigaa ndani ya mifuko miwili ukiwa umetoa hewa, weka kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri siku tatu. Zihamishie friji ya kawaida siku moja, kisha mezani siku nyingine, bado zimefungwa. Ukiruka friji, jani la nje hupasuka kwa kutanuka ghafla. Umeme ukikatika saa nyingi katikati ya zile siku tatu, anza kuhesabu upya.

Mdudu huyuhuyu hula unga, binzari na pilipili kavu. Basi kopo lisikae stoo ya jikoni. Chini ya kitanda, au chini kabisa ya kabati lisilopigwa na jua la alasiri, panatosha. Fungua mara moja kwa wiki, dakika mbili, hewa ibadilike. Sigaa iliyotoka dukani iache wiki mbili kabla ya kuigusa; ya droo ya kaunta, mwezi.

Ukungu ukitokea, wenye manyoya meupe au ya kijani, unyevu umepita 75. Ulio juu ya jani unafutwa kwa kitambaa kikavu na sigaa inatengwa. Ulioingia upande wa kuwashia hauna dawa. Tupa.

Hatua ya 4: Kata

Kichwa kimefunikwa kwa kofia ndogo ya jani. Utaona mstari wake. Kata juu ya mstari, milimita mbili tu. Ukishuka chini yake jani la nje linafunguka kama bandeji. Asiye na jicho la kupima alaze kikata mezani, asimamishe sigaa ndani ya tundu lake kichwa kikiwa chini, abane mara moja kwa nguvu. Meza inakupimia. Wembe mpya unafaa kuliko kisu cha jikoni. Meno hayafai kabisa.

Vuta kabla ya kuwasha. Iwe kama kunywa maji kwa mrija. Ikiwa kama kunywa uji mzito kwa mrija, kata nusu milimita zaidi.

Hatua ya 5: Washa bila haraka

Tumia kiberiti cha gesi. Cha petroli huacha ladha ya gereji, mshumaa huacha nta, na kaa la sigiri, hata kama maneno yanafanana, ni la kuchomea mahindi. Njiti za kiberiti zinafaa ukisubiri baruti ya kichwani iishe. Kwa kuwa zetu ni fupi, washa kwanza kibanzi cha mwerezi ndipo utumie kibanzi hicho.

Shikilia moto sentimita moja hadi mbili chini ya sigaa, usiiguse, uzungushe kwa sekunde 20 au 30 mpaka ukingo wote uwe mweusi. Tia mdomoni, vuta taratibu huku ukizungusha. Toa, pulizia mwishoni. Panapobaki peusi, paongeze moto sasa. Dakika kumi baadaye utakuwa umechelewa.

Hatua ya 6: Vuta

Mara moja kwa dakika. Moshi unakaa mdomoni, haushuki mapafuni. Kila mvuto wa tatu au wa nne, sukuma moshi kidogo utokee puani, kwa maana huko ndiko ladha inakosomwa: karanga za kukaanga, pilipili manga, udongo uliolowa, kahawa. Kahawa ya Bugisu isiyo na sukari nyingi huenda vizuri kando yake, maji pia. Chai ya tangawizi hufunika kila kitu.

Jivu liache lifike sentimita mbili, uliegemeze kwenye kisahani lianguke lenyewe. Jivu linaloshikamana ni dalili ya majani marefu. Linalodondoka kama unga mapema linakuambia moyo ni wa vipande.

Kula kwanza. Nikotini ya sigaa kwenye tumbo tupu huleta jasho baridi na kichefuchefu. Ikikukuta, iweke chini, kaa, kunywa soda ya kawaida yenye sukari.

Na jambo hili liwe wazi: kutovuta hadi mapafuni hakukufanyi salama. Moshi wa sigaa husababisha saratani ya mdomo na koo. Mwenye kuvuta moja kwa mwezi si sawa na wa kila siku, lakini hakuna idadi isiyo na madhara.

Ikikataa kwenda sawa

Upande mmoja unakimbia: zungusha sigaa upande unaochelewa uwe chini, subiri. Isipojirudi, gusa upande huo kwa moto kidogo. Sababu ni kuwasha vibaya, upepo, au unyevu usiolingana.

Katikati panaungua kama handaki na jani la nje limebaki: unavuta kwa nafasi kubwa mno, au jani la nje limelowa. Dondosha jivu, choma ukingo, ongeza mwendo.

Inazimika kila mara: ni maji. Hakuna ufundi wa mkono utakaoitibu. Zilizobaki zirudishe kwenye kopo wiki mbili.

Inakuwa chungu: unavuta haraka. Pulizia ndani badala ya kuvuta, moshi mzee utoke, pumzika dakika mbili. Ikizimika, unaweza kuwasha tena ndani ya saa moja. Ya jana ni ya jalala.

Jani linapasuka ulipotoka ndani kwenda nje: limekauka. Hilo hutokea zaidi Januari na Februari, na kwa walio Moroto karibu mwaka mzima. Kwa huko chukua pakiti ya 69.

Mahali pa kuvutia

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 21, na inakataza kuvuta ndani ya maeneo ya umma, sehemu za kazi na vyombo vya usafiri wa umma, pamoja na mita 50 kutoka hapo. Baa na mgahawa ni maeneo ya umma. Inabaki nyumbani, nje, mbali na watoto na dirisha la jirani. Ukimaliza usiisage kama sigara ya kawaida, harufu yake itakaa hadi kesho. Iache kwenye kisahani izimike, kisha uimwagie maji kabla ya kuitupa.